MJADALA: Fainali ya hoki ya barafu 1919, Seattle walikosea kukataa ushindi wa mezani?

Kapteni Mbaramwezi
Wadau, fainali ya Kombe la Stanley 1919, Seattle Metropolitans ya Marekani na Montreal Canadiens ya Kanada. Mechi tano zimepigwa, kila mmoja kashinda mbili, moja sare. Ya kuamua ilikuwa tarehe 1 Aprili. Montreal wakaanguka na ile homa ya mafua ya dunia nzima, wakasema chukueni kombe. Pete Muldoon, meneja wa Seattle, akakataa! Mimi nasema alikosea. Timu isiyofika uwanjani imefungwa.

Mtoto wa Tandika
Naunga mkono. Huku kwetu pointi za mezani zinagombewa hadi kamati ya rufaa, yeye analetewa anarudisha. Halafu mafua tu, timu nzima inalala?

Nesi wa Zamu
"Mafua tu"? Kaka Tandika, futa hiyo kauli. Joe Hall, beki wa Montreal, alitoka mechi ya tano hajiwezi, tarehe 5 Aprili akafa kwa nimonia hukohuko Seattle. Mimi nimekesha na mgonjwa wa nimonia. Kashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka anatafuta pumzi, midomo imebadilika rangi. Huyo ndiye akavae viatu vya barafu?

Mtoto wa Tandika
Da' Nesi, sikumsema marehemu, nimesema timu. Usinifanye sina utu, na mimi nimezika ndugu.

Chui wa Nanyuki
Huyo Hall si ndiye walimwita "Bad Joe"? Mtu wa vurugu, sifa yake ilikuwa kupiga watu. Tusimfanye malaika kwa vile amekufa.

Baba Riziki
Chui, ubabe wa uwanjani na mapafu vinahusiana wapi? Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, enzi hizo wa akiba ni wawili watatu, unacheza karibu mechi nzima. Mechi ya nne ilikwisha 0-0 na nyongeza juu, watu wako chini kwenye barafu hawainuki.

Chui wa Nanyuki
Sijasema alistahili kufa. Usinilishe maneno, mzee.

Kapteni Mbaramwezi
Jamani, mada! Seattle hawajawahi kulibeba hilo kombe, nafasi yao ndiyo ilikuwa ile.

Baba Riziki
Walilibeba 1917, Kapteni, timu ya kwanza ya Marekani. Na waliofungwa ni haohao Montreal.

Kapteni Mbaramwezi
1917 nakubali, nilipitiwa. Lakini angalia mechi ya tano: Seattle wanaongoza 3-0, wanakuja kulala 4-3 kwenye nyongeza. Kisha George Kennedy, bosi wa Montreal, anaomba kuazima wachezaji wa timu nyingine, Victoria, anakataliwa. Kuazima hamtaki, mezani hamtaki, mnataka nini?

Nesi wa Zamu
Walitaka kumfunga mtu aliyesimama. Na Kennedy naye aliugua, hakurudi kuwa sawa, 1921 akafariki. Mimi swali langu ni lingine: nani aliruhusu zile mechi? Mji huohuo wa Seattle 1918 ulifunga kumbi, ukavalisha watu barakoa. Miezi michache baadaye uwanja umejaa.

Chui wa Nanyuki
Sasa hapo umesema. Kiingilio kilishakatwa, nani angefunga mlango?

Baba Riziki
Mnamhukumu mtu wa 1919 kwa akili ya leo. Wimbi kubwa lilikuwa limepita, watu walidhani imekwisha.

Nesi wa Zamu
Walidhani, Baba. Hall ndiye aliyelipa.

Kapteni Mbaramwezi
Basi angalau kombe lenyewe: 1948 lilipoundwa upya walichonga majina ya timu zote mbili, wakaandika kwamba mashindano hayakukamilika. Miaka 29 ndipo wanakumbuka!

Mtoto wa Tandika
Da' Nesi, ile "tu" nimeifuta. Lakini kombe lilikuwa la Seattle, hapo sibanduki.