Mliobeba mimba mkiwa na virusi, tupeane uzoefu: mlivyongoja majibu ya mtoto

Mama wa Kayole
Naanza mimi. Nilijua nina virusi vya Ukimwi siku ya kwanza ya kliniki, mimba ya miezi mitano. Nikaanzishiwa dawa siku ileile. Nilidhani mtoto keshaambukizwa. Muuguzi akanieleza: bila dawa, watoto 15 hadi 45 kwa kila 100 huambukizwa, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya; lakini mama akimeza dawa bila kuruka, hawafiki 5. Nikaandika namba hizo nyuma ya kitabu cha kliniki, nikawa nazisoma usiku.

Alipozaliwa akaanza kunyweshwa dawa ya maji kila siku. Wiki ya 6 akadungwa kisigino, damu ikadondoshewa kwenye karatasi ya maabara. Kungoja ndiko kulikonimaliza, jamani. Simu ikilia nikiwa kwa matatu, mikono inatetemeka. Hana! Akapimwa tena miezi 6, miezi 12, na mwisho miezi 18. Sasa yuko gredi ya pili.

Mama wa Githurai
Kipimo changu cha kwanza kilikuwa safi. Mimba ya miezi minane naambiwa nipimwe tena, nikaona ni usumbufu tu. Muuguzi akang'ang'ana, nikapatikana na virusi. Maambukizi mapya ndiyo ya kuogopa zaidi, virusi huwa vingi mno kwenye damu. Mume wangu hakuwa amewahi kupimwa. Dada zangu, nendeni kliniki na waume zenu.

Baba wa Kawangware
Sisi ilikuwa homa ya ini aina ya B. Wakati huo chanjo ya kawaida ilianza wiki ya 6, lakini daktari akasema wetu asingoje, achanjwe ndani ya saa 24. Hospitali tuliyojifungulia haikuwa nayo. Nilizunguka mji usiku kucha, nikaipata ya kununua saa moja asubuhi.

Mama wa Dandora
Kwangu vita vilikuwa vya kunyonyesha. Niliambiwa maziwa yangu peke yake miezi 6, hata maji asipewe, maana kuchanganya kunaongeza hatari. Shosho akaja na uji mwezi wa tatu, na sikuwa nimemwambia hali yangu. Nilimwambia usiku ule. Alinyamaza kitambo, akamwaga uji. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha saa za dawa.

Mama wa Kayole
Mama wa Dandora, umeniliza. Wako alipimwa miezi 18?

Mama wa Dandora
Jumanne iliyopita. Hana.