"Kila mtu atakuwa maarufu kwa dakika 15": huu msemo una ukweli? Naombeni ushauri

Mtoto wa Uyole: Wakubwa shikamooni. Niko Mbeya, narekodi vichekesho, watazamaji ndio hao wa kuhesabu. Kuna msemo unaosemekana ni wa Andy Warhol, yule msanii wa Marekani, kwamba siku zijazo kila mtu atakuwa maarufu duniani kwa dakika 15. Kama ni kila mtu, na mimi si nimo? Zamu yangu bado tu. Mjomba anasema hapo hamna hoja. Kosa liko wapi? Usingizi sipati.

Ticha Hesabu, Iringa: Mjomba yuko sahihi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Mkipeana zamu mmoja mmoja, dakika 15 kila mtu, usiku na mchana, foleni inaisha baada ya miaka zaidi ya 1,700. Hapo Wachina bado. Mkiwa maarufu wote kwa pamoja, nani atamtazama mwenzake?

Mama Njombe: Mwanangu, kaseti ya kwaya yetu ilipigwa mpaka Makambako, stendi nzima wananiita kwa jina. Leo nauza ulanzi na hakuna mteja anayejua kama niliwahi kuimba.

Kibopa: Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya msemo. Dogo, umefanya nini?

Mtoto wa Uyole: Sawa. Mama alinipa hela ya miche ya parachichi, nikanunua kamera. Ila wakuu, mche mpaka uzae ni kama miaka mitatu, kamera inapiga kazi siku hiyohiyo! Aprili nzima nimerekodi juani kule Tukuyu, video kali. Kuiuza siiuzi.

Ticha Hesabu, Iringa: Kumbe kamera ilitangulia, msemo ukafuata kuitetea. Haya, tuseme ni kweli: umeahidiwa dakika 15 za jina. Hela imetajwa wapi?

Mzee wa Chai: Ngojeni kwanza. Jua Tukuyu, Aprili nzima? Kule mwezi huo hata soksi hazikauki. Hii chai, tena ya tangawizi.

Mtoto wa Uyole: Kulikuwa na vipindi vya jua mkuu.

Mzee wa Chai: Dakika 15? 😂 Tupia picha ya kamera.

Mama Njombe: Akitupia aweke na bei. Kwaya yetu inatafuta.