Steringi wa Kikorea: huyu tajiri mkorofi mnampendea nini hasa?

Bint_Ngamiani
Habari za jioni wapenzi wa tamthilia, kuna ugomvi hapa nyumbani naomba mniamulie. Jana tumekaa mie na mawifi zangu wawili tunapakana hina huku tunaangalia Boys Over Flowers, ile ya 2009, wifi mkubwa kaiweka kwenye flashi sijui kaitoa wapi. Basi kila Gu Jun-pyo akitokea na zile nywele zake za mawimbi ni vigelegele, mie nikasema jamani si ndo huyu huyu katoa kadi nyekundu shule nzima ikamuandama mtoto wa watu, kisha akatuma watu wakamchukua kwa nguvu mpaka kwenye jumba lao akavalishwa akapambwa hata hajaulizwa, hayo ndo mapenzi? Wifi mdogo ananijibu "hujui mahaba weye". Mie! Mzaliwa wa Tanga naambiwa sijui mahaba 😂

Sasa nauliza, steringi gani wa Kikorea anakukosha na kwa lipi? Na huyu tajiri mkorofi anayelainika kwa binti maskini hajachuja tu? Maana naona kila mwaka analetwa mwingine, kabadilishwa suti tu.

MamaZai_Makorora
Mwanangu mawifi zako nao wana haki yao. Sie wa zamani tamthilia za Kikorea tulizijua kwa mapanga na farasi, Jumong na wenzie, mara anakuja kijana mrefu kavaa koti la manyoya analia kwa ajili ya mtoto wa dobi, we ungefanyaje? Na hadithi yenyewe wala si ya Wakorea, imetoka kwenye vitabu vya katuni vya Japani, Taiwan wakaitoa 2001 wakaiita Meteor Garden, Korea wamekuja nyuma. Yaani mkorofi yule kazunguka nchi zote hizo na kila anapofika mabinti wanamlilia. Halafu mbona husemi kwamba Jan-di, huyo mtoto wa dobi, alimpiga teke mbele za watu? Hakuwa mnyonge yule.

Fundi_Chumbageni
Mi mwanaume na sioni haya kusema, Ri Jeong-hyeok wa Crash Landing on You. Mke wangu ndo alinikalisha, nikajua ni mambo ya jeshi la Korea Kaskazini nikakubali, kumbe natekwa. Jamaa haongei sana, ye vitendo tu. Yule dada Se-ri kaletwa na kimbunga upande wa pili wa mpaka, hana ndugu hana simu, anajisemea tu kwamba anatamani kahawa, jamaa anaenda kutafuta kahawa mbichi, anaikaanga mwenyewe, anaisaga mwenyewe. Kabla ya hapo dada alitaka mshumaa wa kunukia kaletewa mshumaa wa kawaida. Sasa siku kapotea sokoni watu wamejaa hajui pa kushika, anageuka anamuona jamaa katikati ya umati kanyanyua mkono juu na mshumaa unawaka, na safari hii ni ule ule wa kunukia. Hapo mke wangu alinigeukia akanitazama mpaka nikajifanya nina kiu nikaenda jikoni.

Shida yangu ni moja, tangu siku hiyo umeme ukikatika naulizwa wa kunukia uko wapi, na dukani kwa mangi hata wa kawaida umekwisha. Ila kwa kuwa Hyun Bin na Son Ye-jin walikuja kuoana kweli kweli Machi 2022 nimewasamehe.

TimuWaPili
Mnaongelea masteringi, sie tunaoumia kwa yule wa pili hamtuoni. Start-Up ya 2020, barua za binti Dal-mi kaandika Han Ji-pyeong, ujana wake wote hana baba hana mama, bibi wa Dal-mi ndo alimpa hifadhi, halafu jina lililoandikwa kwenye barua ni la mtu mwingine na huyo mwingine ndo kachukua mke. Nilinuna wiki nzima. Nikaja Reply 1988 nikakutana na Jung-hwan, kapenda kimya kimya miaka, siku anataka kusema taa za barabarani zikamkamata nyekundu kila anapofika, akachelewa kidogo tu. Hawa watunzi wana roho gani?

MamaZai_Makorora
@TimuWaPili Acha kusingizia taa baba. Taek, yule aliyempata binti, siku hiyo alikuwa na mechi yake ya baduk, ule mchezo wa kete kwenye ubao, ile ndo kazi yake ndo inayompa jina, akaiacha akaja. Jung-hwan mwenyewe alikiri kwamba hakuwa na ujasiri wa kuamua. Mwanamke hasubiri mtu anayewaza.

TimuWaPili
Mama umenichoma 😭

Mwana_DeepSea
Nyote mmepita mbali. Steringi ni Yang Gwan-sik, When Life Gives You Tangerines, 2025, Park Bo-gum yule yule aliyecheza Taek. Hana kampuni, hana gari, hana cheo, kijana wa kisiwa cha Jeju kwao wanauza samaki, tangu utotoni anampelekea Ae-sun samaki. Kuna mahali yuko ndani ya meli anaondoka, anamuona Ae-sun ufukoni, anajirusha baharini na nguo zake anaogelea kurudi. Sie wa bandarini tuliangalia tukasema huyu mkondo haujui lakini moyo anao.

Ila iliyonimaliza si ile. Ni pale wanakula kwao, wanaume meza yao, wanawake wamebanwa meza ya pembeni, Ae-sun anafanyishwa kazi na wakwe, na hii ni miaka ya 60 usisahau, mila ni mila. Gwan-sik haongei kitu, hagombani na mama yake, anageuza tu mwili mzima akaipa mgongo meza ya wanaume, anamtolea mkewe maharage kutoka kwenye bakuli lake la wali na anaendelea kula amemwelekea. Basi. Mi nimeona ndoa za kwetu ambazo tendo dogo kama hilo lingeziokoa, mume anaogopa mama yake kuliko polisi.

Bint_Ngamiani
@Mwana_DeepSea we kaka umeoa? Nauliza kwa niaba ya wifi mdogo 😂

Ila umenijibu. Tena mtunzi ni yule Im Sang-choon aliyeandika When the Camellia Blooms, na kule nako mwanaume ni polisi wa mtaani anampenda mama mwenye mtoto na baa yake, hana makuu.

Fundi_Chumbageni
Kwamba mnajua Gwan-sik wa uzeeni ni Park Hae-joon? Yule yule mume msaliti wa The World of the Married ya 2020. Mke wangu alimchukia mpaka alikuwa anaitukana tv, leo anamlilia ni Gwan-sik. Nikamwambia basi na mie nina nafasi ya kutubu, akasema yule analipwa.

MamaZai_Makorora
😂😂 Mwambie mkeo namuunga mkono.

Bint_Ngamiani
Mawifi wamesoma yote haya wamekataa, wanasema Gwan-sik mtamu ila hana ndege binafsi. Leo tunaanza ya Jeju, wifi mkubwa kashika leso kabisa. Atakayesema mwisho wake hapa namblock.