Naomba ushauri: nimelelewa mbali na wazazi, nashindwa kuthibitisha mimi ni nani

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naombeni mawazo yenu, nimekwama.

Nina miaka 24. Mama mlezi alinichukua nikiwa mchanga, makubaliano yakiwa ya mdomo tu; hakuna amri ya mahakama wala karatasi ya kuasili. Shuleni niliandikishwa kwa jina la ukoo wake. Sasa naomba kitambulisho, naambiwa nilete cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Cheti sina. Mama mzazi sijui alipo, na baba sikuwahi kutajiwa.

Nilijaribu usajili wa kuchelewa. Nikapeleka vyeti vya shule, kadi ya chanjo na kiapo cha mama mlezi. Vyote vikarudishwa: kadi ina jina langu la kwanza peke yake, na tarehe ya kuzaliwa inapishana na ya shule kwa miezi 3. Mama mlezi amezeeka, na ndiye shahidi pekee aliyebaki anayejua nilivyofika kwake. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Nimesoma kuwa Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 8, unazitaka serikali zimsaidie mtoto aliyenyimwa utambulisho wake aurejeshe haraka. Lakini mimi si mtoto tena.

Nianze kwa kusahihisha tarehe, au niende mahakamani kwanza wakati mama bado ana nguvu za kutoa ushahidi? Na kwa mliopitia haya, ni ushahidi gani ulikubaliwa wazazi wa kuzaa walipokosekana?

Natanguliza shukrani.