Naomba ushauri: kuwapeleka vijana kwenye magofu ya Maruhubi

Assalaamu alaikum ndugu zangu. Nakusudia kuwachukua vijana wa mtaani kwetu, masika yatakapomalizika, tukayatazame na kuyachora magofu ya Maruhubi, jumba la mapumziko ambalo Seyyid Barghash, sultani aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alilijenga ufukweni kaskazini mwa Mji Mkongwe, na ambalo liliungua mwaka 1899. Moto uliteketeza mbao; zimebaki nguzo nene zilizokuwa zikibeba roshani, pamoja na hamamu, yaani vyumba vya kuogea, na hizo hamamu ndizo ninazotamani zaidi vijana wazione kwa utulivu.

Wasiwasi wangu ni kuta. Chokaa iliyoshika mawe ya matumbawe hulegea maji ya mvua yanapopenya kwa miaka mingi pasipo paa, na kijana akiona ukuta hutaka kuupanda. Je, mliowahi kuongoza vikundi hapo, ni sehemu zipi mliwazuia watu wasizisogelee? Kibali cha kundi huombwa mapema kwa maandishi, au hupatikana papo hapo? Na kama yupo fundi wa majengo ya kale, naomba anieleze namna ya kuutambua ukuta unaokaribia kuanguka, maana nyufa peke yake sidhani kama zinatosha.