Eti "VAT ya kubonyeza kitufe"! Huyu mhasibu wa Upper Hill amenifika hapa

Lenzi_Umoja: Wazee, nimetoka huko sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Kila mpiga picha wa Nairobi aliyewahi kupeleka ankara kwenye lile jengo la vioo anamjua: miwani ya kamba, kalamu nyekundu, ankara za watu zinalala kwake mpaka zinaota ndevu.

Nimepiga mkutano wao tangu alfajiri mpaka wafagizi wakaingia. Nimepeleka ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, PIN yao ya kodi, PIN yangu, asilimia 16 ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwenye mstari wake. Anashusha miwani, anaita ofisi nzima: "Njooni muone, huyu anatutoza VAT ya kubonyeza kitufe!" Wakacheka mpaka nadhani Ngong walisikia.

Ya kubonyeza kitufe! Mauzo yangu yamepita shilingi milioni 5 kwa mwaka, sheria inanilazimisha kujisajili. Hiyo 16 ni ya serikali, mimi naikusanya tu. Na haimngoji yeye: ankara ikishatoka, kodi inadaiwa, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata naitoa mfukoni hata kama sijaona senti yao. Kampuni yenyewe imesajiliwa, inaidai tena kwenye ritani yake. Inamuuma nini? Ofisi nzima, jamani! Hata kijana wa chai alisimama na birika akicheka. Kitufe!

Kunguru_wa_Pipeline: Milioni 5 kwa mwaka na unalia hapa? Nikopeshe elfu mbili ya nyumba.

Lenzi_Umoja: Hayo ni mauzo, si faida! Toa kamera, taa, vijana wa kunisaidia, teksi. Yule mama hajui lenzi moja inauzwaje.

BintiWaLuthuli: Namjua huyo! Mimi sijafika milioni 5, sitozi VAT, akanirudisha nikalete ankara ya eTIMS. Kumbe tangu Januari 2024 bila hiyo hawawezi kuweka malipo yangu kwenye matumizi yao ya kupunguza kodi. Sawa, nikaleta. Akakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, cheti chake nakingoja mpaka leo.

Mzee_Kofia: Afadhali nyinyi wa kampuni. Bibi harusi wa Karen aliniambia "toa VAT, tuko familia". Familia gani? Nilimjua siku ya kulipa arbuni!

Lenzi_Umoja: Mzee, huyo alikwambia faraghani. Mimi niliitiwa OFISI NZIMA.

Kunguru_wa_Pipeline: Sasa hicho kitufe ni cha upande gani wa kamera?

Sufuria_Kubwa: Wapiga picha msituchoshe. Mimi ni wa vyakula. Kila harusi mnakuja watu wanne, mnahesabiwa wawili, halafu mnakuwa wa kwanza kwenye nyama. Hiyo nyama namtoza nani?

BintiWaLuthuli: Wewe ndiye uliyetupa wali mkavu kule Ruiru?

Sufuria_Kubwa: Wali mkavu na ulirudi mara ya pili?

Mzee_Kofia: Ruiru mchuzi ulikwisha saa nane. Nilikuwepo.

Lenzi_Umoja: Jamani, tulikuwa tunazungumzia VAT.

Sufuria_Kubwa: Mchuzi haukwisha! Madijei ndio walibeba sufuria nzima. Waite waje wajibu hapa.