Mishtuko kwa mtoto wa miezi 7, EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) safi: nianze prednisoloni (steroidi)?

Habari za kazi ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa waliozoea kifafa cha watoto wachanga.

Mtoto miezi 7, kilo 7.2. Wiki ya tano sasa, kila akiamka kichwa kinainama ghafla na mikono inatanuka, sekunde moja au mbili, kisha analegea. Inajirudia mara 20 hadi 30 mfululizo, huku akilia katikati. Nyumbani walidhani ni mchango. Alikuwa anatabasamu na kukaa kwa kuegemezwa, vyote vimepotea. Video ya simu ninayo, na kwangu inatosha kushuku sindromu ya West (kifafa cha watoto wachanga chenye mishtuko ya mfululizo).

Sukari na kalsiamu ziko sawa, ngozi haina mabaka meupe. Fenobabito (dawa ya kifafa) miligramu 5 kwa kilo, wiki 3: hakuna nafuu (sikuitegemea sana). EEG ilichukuliwa dakika 20 akiwa macho tu, wakati hipsarithimia (mawimbi ya ubongo yaliyovurugika, alama ya sindromu hii) mara nyingi hujitokeza usingizini. Kuirudia ni foleni ya wiki 3. Vigabatrini, dawa nyingine ya sindromu hii, haipatikani huku.

Je, nianze prednisoloni miligramu 10 mara 4 kwa siku, siku 14, bila kusubiri EEG ya usingizini? Na kwa kuwa prednisoloni hushusha kinga na bibi anayemlea anakohoa, uchunguzi wa TB ufike wapi kabla ya dozi ya kwanza?